Maswali Yenu: Filamu za Kikorea na Mapenzi Yasiyofika

Barua za mwezi huu zimetoka Igoma hadi Nansio, na nyingi zinahusu jambo moja: filamu za mapenzi za Kikorea ambazo wapendanao hawafiki mwisho pamoja. Tumechagua sita.

Shikamooni. Niko Igoma. Mimi na wadogo zangu tumeangalia filamu za mapenzi za Kikorea kama kumi sasa, na karibu zote mmoja anakufa au wanatenganishwa. Mama akipita sebuleni anasema, "Mnachoma luku ili mlie." Kwa nini lazima stelingi afe? Hawajui kumaliza na harusi?

Marahaba, dada. Harusi wanazijua, na filamu zao za kuchekesha huishia hukohuko. Hizo mnazoangalia ni aina nyingine. Wakorea huziita za "choeru", yaani za kutoa machozi, na neno hilohilo ndilo wanalolitumia kwa bomu la machozi la polisi. Anayekata tiketi anajua anakwenda kulia, kama anayekwenda kwenye taarabu anavyojua kuna mipasho.

Mizizi yake iko jukwaani. Korea ilipokuwa chini ya utawala wa Japani, 1910 hadi 1945, iliingia michezo ya kuigiza ya mtindo uliotoka Japani, ikaitwa "sinpa". Binti maskini, kijana wa tajiri, deni, mama mkwe, na mwishowe kutengana. Sinema ikavirithi visa hivyo. Mwaka 1968 filamu ya Love Me Once Again, ya mwanamke anayemzaa mtoto na mume wa mtu na baadaye kulazimika kumkabidhi mtoto huyo kwa baba yake, ilijaza kumbi hadi ikatengenezewa miendelezo. Leo Mkorea akisema filamu fulani ni "sinpa" tu, anailaumu: anamaanisha imemkamua machozi bila kumpa sababu.

Lakini msidhani ni mtindo mtupu. Nchi hiyo iligawanywa mwaka 1945, ikapigana 1950 hadi 1953, na mume akabaki kaskazini huku mke na watoto wakiwa kusini. Mwaka 1983 kituo cha televisheni cha KBS kilianza kuonyesha watu wanaotafuta ndugu zao waliopoteana vitani. Matangazo hayo yakaendelea kwa siku 138, jumla ya zaidi ya saa 453, na zaidi ya familia 10,000 zikakutana. Watu walioona hayo kwenye runinga zao hawaoni ajabu filamu ikisema kwamba wanaopendana wanaweza kutenganishwa kwa kisa ambacho si kosa lao.

Tena kulikuwa na sheria. Kifungu cha 809 cha Sheria ya Madai ya Korea Kusini kilizuia ndoa ya watu wa jina moja la ukoo na asili moja, hata kama babu wanayechangia aliishi karne nyingi zilizopita. Ukoo wa Kim wa Gimhae peke yake una mamilioni ya watu. Fikirieni wawili wamekutana chuoni, wamependana, kisha wanagundua serikali haitawaandikia ndoa. Mahakama ya Katiba ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume na katiba mwaka 1997, na sheria yenyewe ikabadilishwa mwaka 2005. Kwamba ukoo mmoja hauoani, wasomaji wetu wa Bukoba hawahitaji kuelezwa.

Sasa turudi kwa mama. Mwambieni kwa heshima kwamba kifo siyo kinacholiza. Ingekuwa hivyo, tungelia kila usiku tukiangalia taarifa ya habari. Kinacholiza ni kitu kidogo kilichowekwa mapema. Chukueni Christmas in August ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Hur Jin-ho. Mwenye studio ya picha anajua atakufa. Ugonjwa wake hatuelezwi. Kuna jioni anamfundisha baba yake mzee kutumia deki: bonyeza hapa, kisha hapa. Mzee anakosea, wanarudia, anakosea tena. Kijana anakasirika na kutoka. Baadaye anakaa na karatasi na kuandika hatua moja baada ya nyingine, ili mzee azifuate atakapobaki peke yake. Hakuna anayelia wala hakuna muziki mkubwa, na hapo ndipo watu hushika leso. Msichana anayempenda hajaambiwa lolote kuhusu ugonjwa, na filamu inaisha bila wao kutamkiana mapenzi ana kwa ana.

Mkiangalia nyingine, kaeni macho katika nusu saa ya kwanza. Mwavuli, soda, barua, kiatu: kinachoonekana kama mzaha hapo mwanzoni ndicho kitakachorudi mwishoni kikiwa kizito.

Wakuu, habari za kazi. Nina kibanda cha kuonyeshea muvi hapa Mabatini. Niliweka A Moment to Remember yenye maandishi ya chini, wateja wakalalamika: maneno yanakuja kabla mtu hajafungua mdomo, na mbele yakazidi kuharibika. Nikijaribu faili jingine, "ng'ambo" inatoka na alama za ajabu katikati. Nifanyeje?

Nzuri, mkuu. Una matatizo mawili, na la kwanza lina sura tatu ambazo dawa zake hazifanani. Pima kwanza. Linganisha maneno na midomo katika dakika ya 5, ya 60 na ya 100.

Kama tofauti ni ileile kote, mathalani sekunde mbili mwanzo hadi mwisho, faili limesogea tu. Ukitumia VLC kwenye kompyuta, kitufe cha H huchelewesha maandishi na G huyawahisha, kila mguso milisekunde 50. Kwa hiyo sekunde mbili ni miguso 40.

Kama tofauti inakua kidogo kidogo, kosa ni idadi ya picha kwa sekunde. Nakala nyingi za filamu za sinema huwa na picha 23.976 kwa sekunde. Nakala iliyoharakishwa kwa ajili ya runinga huwa na 25. Filamu ya dakika 117 ikiharakishwa hivyo huisha kwa dakika 112 na sekunde 12, maana yake mwishoni maandishi na picha vinapishana kwa karibu dakika tano. Hapo G na H hazisaidii. Fungua faili kwa programu ya bure kama Subtitle Edit, badilisha kiwango kutoka 23.976 kwenda 25 au kinyume chake, kisha hifadhi. Usipojua viwango, tumia njia ya pointi mbili: iambie programu sentensi ya kwanza inaanza sekunde gani na ya mwisho sekunde gani, nayo itanyoosha yote ya katikati.

Kama maandishi yanakwenda sawa halafu ghafla yanaruka, basi una toleo tofauti, na kwa filamu hiyo ndipo tunapokushuku zaidi. Iko ile ya kumbini ya dakika 117 na iko ile ndefu ya mwongozaji ya dakika 144. Maandishi ya moja hayawezi kulingana na nyingine kwa hesabu yoyote, kwa sababu zipo dakika 27 ambazo upande mmoja hauna. Angalia urefu wa filamu yako, kisha tafuta faili la urefu huohuo.

Hizo alama za ajabu kwenye "ng'ambo" zinatokana na kile kialama cha juu. Aliyeandika alitumia kilichopinda, na faili likahifadhiwa kwa mfumo ambao runinga yako inausoma vingine. Lifungue kwenye programu ya kuandikia, badilisha vyote viwe vilivyonyooka, kisha hifadhi kwa mfumo wa herufi uitwao UTF-8. Kwa runinga inayosoma flashi, jina la faili la maandishi lifanane kabisa na la filamu, yote mawili yakae folda moja, na mwisho uwe .srt.

Neno moja la kiungwana: kuonyesha filamu kwa kiingilio si sawa na kuangalia nyumbani. Kibanda kinahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na haki za mwenye filamu ziko chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Fika kwa afisa utamaduni wa wilaya kabla hajafika yeye kwako.

Ndugu wahariri, mimi ni mwalimu, Nansio, Ukerewe. Tuna kikundi cha vijana kinachojaribu kuandika maandishi ya chini ya Kiswahili. Tumekwama kwenye "oppa". Tukiandika "kaka", watu wanacheka mapenzi yanapopamba moto. Tuandike nini?

Mwalimu, mmegusa pagumu penyewe. Oppa ni neno la msichana kwa kaka yake wa damu, na pia kwa mwanamume aliyemzidi umri kidogo ambaye amemzoea, mpenzi akiwemo. Kiswahili hakina neno moja la kubeba yote hayo, kwa hiyo msitafute neno, tafuteni kazi ya neno.

Tazameni mfuatano. Mwanzoni msichana humwita mwanamume kwa jina likifuatwa na "-ssi", namna ya heshima kwa mtu usiyemzoea. Siku moja anaacha "-ssi" na kusema oppa. Hilo ni tamko la mapenzi lenyewe, hata kama neno kupenda halijatajwa. Sisi "kaka" yetu ya mitaani, ya "kaka samahani, naomba nipite", iko karibu zaidi na ile "-ssi". Basi iwekeni mwanzoni: "Kaka Chul-soo, asante." Kisha siku ya tamko iondoeni, libaki jina tupu, au "mpenzi" kama wamefika huko. Msomaji ataona kaka imeanguka, na moyo wake utaelewa.

Vivyo hivyo kwa vitenzi. Kikorea hubadilisha mwisho wa kitenzi kufuatana na heshima, Kiswahili hakifanyi hivyo, lakini tuna "naomba". "Naomba unisubiri" ni ya watu wasiozoeana, "nisubiri" ni ya waliozoeana. Shikeni mpaka huo filamu nzima, msichanganye. Mke na mume hawatawasumbua: Wakorea nao humwita mtu baba wa fulani na mama wa fulani, kama kwetu.

Halafu kuna urefu. Kipimo cha kawaida ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na msomaji apewe herufi kama 17 kwa sekunde. Maneno yetu ni marefu. "Nilikuwa ninakusubiri tangu asubuhi" ni herufi 35 pamoja na nafasi, inataka sekunde mbili kamili, na mwigizaji huenda amelisema kwa moja na nusu. "Nimekusubiri tangu asubuhi" ni 26, inatosha. Na pale mwigizaji anaponyamaza, msijaze. Wengine wanaotia sauti juu ya filamu huogopa ukimya, wakaueleza: "hapa dada anaumia moyoni". Dada anaumia, tumemwona.

Samahani kwa swali la mzazi. Niko Buzuruga. Binti yangu wa miaka 12 alitokwa damu puani mara mbili wiki iliyopita. Kwa kuwa ameangalia hizo filamu, analia kwamba ana kansa ya damu na atakufa. Ni kweli dalili huwa hiyo?

Pole, mama, na mpe pole binti. Filamu hazikudanganya kabisa, ila zimechagua. Katika saratani ya damu chembe sahani zinazogandisha damu hupungua, ndiyo maana mgonjwa anaweza kutoka damu puani. Waandishi huipenda kwa sababu tone moja jekundu kwenye shati jeupe linaonekana na halimharibu mwigizaji uso. Lakini kwa watoto sababu kubwa za damu puani ni pua kukauka, kuchokonoa na mafua.

Akianza tena, aketi, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia, huku akipumua kwa mdomo. Asiinue kichwa nyuma, damu itashuka kooni na kumtapisha. Mpeleke hospitali haraka ikiwa baada ya nusu saa haijakata. Mpeleke pia kama ana michubuko asiyojua imetoka wapi, fizi zinatoka damu, anapauka, ana homa zisizoisha au amepungua uzito. Huko waombe kipimo cha picha kamili ya damu. Kikionyesha shida, Mwanza kuna huduma za saratani katika hospitali ya rufaa ya Bugando. Mwambie na hili pia: saratani ya damu ya watoto ni miongoni mwa zinazotibika vizuri zaidi mtoto akiwahishwa na kumaliza dawa. Visa vingi vya filamu hizo vimepitwa na tiba ya hospitali za leo.

Kwenye misiba yao naona picha kubwa ya marehemu yenye utepe mweusi, na watu wanatoa bahasha. Ni nini? (Msomaji, Sengerema)

Picha hiyo huandaliwa mara nyingi mtu akiwa hai, ndiyo maana katika sinema mzee akienda studio akiwa amevaa vizuri peke yake, ukumbi mzima hunyamaza. Msiba kwa kawaida ni siku tatu. Mgeni huinama mara mbili mbele ya picha, kisha mara moja kwa wafiwa. Bahasha nyeupe ni rambirambi, na kama kwetu, huandikwa nani ametoa. Kisha anakaribishwa chakula, mara nyingi mchuzi mwekundu wa nyama wenye pilipili.

Mambo vipi wakubwa! Sisi ni vijana watano, Ilemela. Tuna simu mbili nzuri na maiki moja. Tunataka kutengeneza filamu fupi ya dakika kumi, mapenzi ya kutengana, kwa mtindo wa Kikorea lakini hapa ziwani. Tumeandika kwamba msichana ana kansa na mvulana anazama na boti. Tushaurini.

Poa sana, vijana, na tumefurahi kuisoma. Futeni kansa na futeni kuzama.

Kansa, kwa sababu mmeiazima, na mtazamaji ataiona ni ya kuazima. Kuzama, kwa sababu nyingine kabisa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Atakayekaa kwenye kiti cha mbele anaweza kuwa mtoto wa mmoja wa waliofia humo. Maji hayo yanastahili filamu nzima iliyofanyiwa kazi kwa miaka, si dakika ya tisa ya filamu ya dakika kumi.

Kizuizi mnacho mlangoni. Wavuvi wa dagaa huhama kambi kufuata samaki, kisiwa hadi kisiwa. Msichana anauza dagaa Mwaloni Kirumba, mvulana ni wa mtumbwini. Kambi inahamishwa. Hakuna mbaya, hakuna ugonjwa, ila maisha hayawaachi. Mpeni msichana sado yenye ufa ya kupimia, na mvulana awe anabishana naye kwamba ufa unamwibia mteja dagaa watatu. Sado ionekane mara tatu tu: dakika ya kwanza wakicheka, dakika ya nne mvulana akiuziba kwa plastiki ya kuyeyusha, dakika ya tisa msichana akipima peke yake, kidole kikipita juu ya ile alama ya plastiki. Ikionekana mara kumi mtazamaji ataichoka.

Mwanga. Wakorea wana machweo marefu; majira yao ya joto baada ya jua kuzama mwanga hudumu karibu nusu saa. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linashuka wima, mnapata dakika kama 20 na giza limeingia. Mwanza jua huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni, kutegemea mwezi. Kwa hiyo msipange tukio lote la kuagana jioni moja. Pangeni jioni tatu, kila jioni picha mbili au tatu, nguo zilezile, mahali palepale. Upande wa Capri Point unaotazama magharibi jua linashukia ghubani, hapo ni pazuri. Fungeni mpangilio wa rangi na wa mwanga kwenye simu kabla ya kuanza, mkiuacha ujiendeshe simu "itasahihisha" ile rangi ya chungwa mliyoifuata na picha itatoka ya kijivu. Ndani ya nyumba zenye taa za umeme rekodini kwa picha 25 kwa sekunde na shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha) ya 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Mkitumia 30 kwa kuacha simu ijiamulie, taa zinaweza kupepesa kwenye picha, na kuliondoa hilo baadaye ni kazi ngumu.

Sauti ndiyo itakayowaangusha. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na kupiga maiki moja kwa moja. Mazungumzo ya ufukweni yafanyeni asubuhi mapema. Maiki ikae kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, ikiwa imevalishwa kipande cha kitambaa chenye manyoya. Kila mahali mkimaliza, wote mnyamaze na mrekodi dakika moja ya mahali penyewe: maji, ndege, jenereta ya mbali. Mtaihitaji kuunganisha vipande.

Kama mnataka zile taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji, nendeni usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hupumzika na mtapiga picha ya maji matupu. Ila usiku huohuo wa giza ndio wadudu wa ziwani wanaweza kupanda kama moshi na kufuata taa yenu. Iwekeni mbali na kamera, pembeni, mita nne au tano, na kinywa kifungwe.

Mwigizaji asilie kabla ya mtazamaji. Kwenye kuagana mwambieni azuie, amalizie kupima dagaa wa mteja, arudishe chenji sawasawa. Kamera ikae kwenye mikono yake sekunde sita hadi nane bila kukatwa. Muziki usianze hapo.

Kibali cha kupiga filamu kiombwe Bodi ya Filamu kabla ya siku ya kwanza, na bandarini au kwenye vivuko msitoe kamera bila ruhusa ya wenyewe. Kwenye mtumbwi kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, na mwigizaji avue pale tu mtumbwi umefungwa ufukweni.

Majina ya waliotengeneza yasije mara tu baada ya sado. Wekeni ile dakika ya maji mliyorekodi, sekunde kumi, skrini ikiwa nyeusi, ndipo yaanze.